Muulize Mjomba: Barua za Wiki ya Jasho

Wiki hii mfuko wa barua umejaa kupita kiasi, na sababu naijua. Februari inaishia, upepo wa kaskazi umechoka, masika bado, na jua linasogea kuja kukaa utosini mwa Dar es Salaam. Siku za mwanzo za Machi, saa sita na nusu mchana, mtu akisimama katikati ya barabara anakanyaga kivuli chake mwenyewe. Usiku nao hauna nafuu, shuka linalowa kabla mwenyewe hajapata usingizi.

Watu wanaoniandikia majira haya wanadhani wana matatizo na mwenye nyumba, na mume, na fundi, na wakwe. Mimi nasema ngojeni mwezi wa saba. Kusi ikivuma na watu wakaanza kutafuta masweta asubuhi, barua za namna hii hukauka zenyewe, na fundi ni yule yule, mume ni yule yule. Kwa hiyo kila atakayelalamika humu nitamuuliza kwanza: ilikuwa saa ngapi?

*

*Mjomba, shikamoo. Tuko wapangaji sita kwenye nyumba moja Manzese na LUKU ni moja. Kila chumba kinachanga elfu tano. Siku hizi umeme haumalizi wiki. Wote tunajua anayeumaliza ni mama wa chumba cha pili, ana friji na anauza barafu za ubuyu. Jumanne nilimchomolea waya. Barafu zikayeyuka zote, akalia, na sasa nyumba nzima hatusalimiani. Mimi nina taa moja na feni tu. Nani mwenye makosa? – Mwenye Taa Moja*

Marahaba. Saa ya kuchomoa waya hukuitaja, lakini nakisia: saa nane mchana, umeme umekatika, feni imesimama, wewe umeamka umelowa chapachapa. Nimekosea?

Tupige hesabu, maana hasira haina uniti. Uniti moja ni wati 1,000 kwa saa moja. Taa yako ya wati tisa inawaka zaidi ya saa 100 ndipo imalize uniti. Feni ya meza ya wati 50 inazunguka saa 20. Friji ndogo, kama mpira wa mlangoni ni mzima, inakula uniti moja hivi kwa siku nzima, usiku na mchana. Sasa njoo kwenye pasi: ya wati 1,000, dakika 60 uniti imekwenda. Halafu kuna ile hita ya waya ya kutumbukiza kwenye ndoo, ambayo peke yake inazidi pasi. Katika kila nyumba ya vyumba sita Dar es Salaam kuna kijana mmoja ambaye shati lake halina hata kunyanzi moja na ambaye huoga maji ya moto. Maji ya moto, Februari! Mtafute huyo. Ukimkosa, chungulia chini ya vitanda, kuna mtu ana jiko la umeme analowasha mkiwa mmelala.

Lakini hata yeye si mchawi peke yake. Nyumba inayotumia umeme mdogo, yaani isiyozidi uniti 75 kwa mwezi, imewekewa bei ya shilingi 100 kwa uniti. Ukivuka hapo, uniti inapanda zaidi ya mara tatu. Vyumba sita juu ya LUKU moja haviwezi kubaki chini ya 75 hata mkilala saa moja usiku wote kwa pamoja. Kwa hiyo wewe mwenye taa moja, ambaye ungekuwa na mita yako ungenunua umeme wa bei ya chini, unalipa bei ya mwenye friji na mwenye hita. Hapo umeonewa kweli, ila aliyekuonea ni aliyeweka mita moja, na huyo hana barafu za kuyeyushwa.

Tena kuna jambo jingine ambalo limevunja nyumba nyingi. Tangu 2021 kodi ya jengo inakatwa humo humo mnaponunua LUKU. Anayetumwa kununua mwezi ukianza anarudi na uniti pungufu, na kikao kinakaa kumuuliza chenji amepeleka wapi. Hajala chenji. Amemlipia mwenye nyumba kodi ya nyumba yake. Wekeni zile meseji za manunuzi, jumlisheni, mkamdai mwenye nyumba aipunguze kwenye pango. Atakuna kichwa, msimwonee huruma.

Mwiteni fundi umeme awafungie mita ndogo kila chumba, kila mtu alipe anachokula. Na wewe, nenda chumba cha pili jioni, baada ya magharibi, ukanunue barafu kumi za ubuyu na uzile zote pale pale mlangoni kwa yule mama. Usizikope.

*

*Mambo vipi Mjomba. Jumatano asubuhi nimeamka nikakuta maji hayatoki. Nikafungua koki ya jikoni, haikutoa hata tone, nikaenda zangu kazini. Kumbe mchana maji yakarudi. Mimi naishi juu, chini kuna familia. Maji yamejaa kwangu, yakashuka ngazi, yakaingia kwao, yakalowesha godoro la watoto na gunia la mchele. Jirani anataka godoro jipya na mchele mpya. Mimi nasema maji si yangu, ni ya bomba. – Wa Juu, Sinza*

“Mambo vipi” kamsalimie huyo jirani yako, halafu uone.

Kijana, mji huu wenye mgao una sheria moja ambayo haikuandikwa popote na kila mtoto wa mjini anaijua: koki ikifunguliwa bila maji, inafungwa bila maji. Maji ni ya bomba, sawa, lakini mkono uliofungua koki ulikuwa wako, na ulikuwa asubuhi, kabla hata joto halijakupa kisingizio. Wewe ndiye msomaji pekee wa wiki hii ambaye siwezi kumsingizia jua.

Anayehitaji kukinga usiku, wakati maji yanapopenda kurudi, anaacha koki wazi makusudi, lakini chini yake anaweka beseni, na ndani ya beseni anafunika sufuria tupu, matako juu. Tone la kwanza likigonga sufuria, nyumba nzima inaamka. Hiyo ni kengele ya waliolala ndani. Haifanyi kazi kwa mtu aliyeko ofisini Posta.

Sasa tushughulike na hasara. Godoro la sponji haliuawi na maji, linauawa na unyevu unaobaki ndani. Mlisimamishe kwa ubavu kwanza, lichuje lenyewe kutwa nzima, msilikamue wala kulikanyaga maana linachanika kwa ndani. Kisha mlilaze juani na kuligeuza kila baada ya saa mbili. Kwa jua hili, siku mbili au tatu linatosha kulaliwa. Ni wewe utakayekaa nalo, tena chini ya jua, hiyo ndiyo faini yako. Likitoa harufu baada ya hapo, nunua jipya na usibishane.

Mchele ni habari nyingine. Ule wa chini uliogusa maji ya sakafuni wape kuku. Ule wa juu uliolowa kwa maji safi, osheni upesi, siku ile ile, msagishe na nazi, hiliki na hamira kidogo, mke wa jirani achome vitumbua. Nasema siku ile ile kwa sababu ukisubiri kesho utachacha, na barua yako imenifikia Ijumaa. Kwa hiyo nunua mchele.

*

*Mjomba, shikamoo. Mume wangu nilimtuma Kariakoo kitu kimoja tu: mpira wa presha kuka. Ametoka saa tatu asubuhi. Amerudi saa kumi na moja jioni na tochi, jozi tatu za soksi, kamba ya kuanikia nguo na bakuli la plastiki lenye mfuniko ambao si wake. Mpira hakuna. Nikimuuliza alikuwa wapi anasema “Kariakoo.” Nimwamini? – Maharage Mabichi, Tabata*

Marahaba mwanangu. Mwamini. Hakuna mwanaume aliyekwenda kwa mwanamke mwingine akarudi na kamba ya kuanikia.

Nitakueleza siku yake ilivyokwenda, maana watu wanaotuma huwa hawajui mambo yanayompata anayetumwa. Ameshuka Mwendokasi pale Msimbazi akiwa mkavu na mwenye nia njema. Hajamaliza hatua ishirini, winga amempokea. “Kaka, unatafuta nini? Mpira wa presha? Upo, twende.” Winga hana duka. Ana miguu, na anajua maduka, na bei atakayokutajia ina chakula chake ndani. Amempitisha Mtaa wa Kongo, ambako nguo zimetandazwa chini na kuning'inizwa juu mpaka mbingu haionekani, na njia iliyobaki ni ya mtu mmoja akipita ubavu. Hapo ndipo soksi ziliponunuliwa. Hazikuhitajika. Zilikuwa tatu kwa bei ya mbili, na muuzaji alikuwa ameshamshika mkono.

Wakafika Mtaa wa Aggrey, simu tupu, mpira wa presha kuka hakuna. Wakarudi. Wakaingia kwenye korido ya ghorofa moja, maduka yenye upana wa mlango, feni inapuliza hewa ya moto kutoka duka hili kwenda duka lile. Na hapo, mwanangu, muuza vyombo akamuuliza swali ambalo wewe ungepaswa kulijibu kabla hajatoka nyumbani: “Presha ya lita ngapi?”

Ulimpa ule mpira wa zamani? Hukumpa. Ungempa, angeuweka juu ya ule mpya, duara juu ya duara, akalipa, saa nne na nusu yuko kwenye basi. Mipira ile haifanani: kuna ya lita tano, ya lita saba, ya lita tisa, kuna ya mfuniko wa nje na ya mfuniko wa ndani, na kila mmoja ukiupima kwa macho unaona ndio wenyewe. Akakupigia simu. Hukupokea, ulikuwa sokoni. Winga akaona hapa hakuna mauzo, akamwacha katikati ya watu.

Ilikuwa saa saba sasa. Kama Kariakoo yote ingejengwa kwa akili ya lile soko lenyewe, mumeo angepona. Beda Amuli, aliyechora soko hilo lililofunguliwa 1975, aliliezeka kwa miavuli mikubwa ya zege, kivuli juu na hewa inapita chini, na mvua ikinyesha paa linakinga maji. Lakini pembeni ya soko tumepanga maghorofa yaliyobanana, vioo na vyuma, yanayotemeana joto kuanzia asubuhi hadi usiku, na mitaa tumewaachia wenye mikokoteni wanaopiga kelele “Mguu huo! Mguu!”

Mtu mwenye busara hukimbilia kivuli. Kivuli cha karibu ni miti ya Mnazi Mmoja, na chini ya miti kuna kahawa, kashata, na wazee wanaocheza drafti kwa vizibo vya soda: upande mmoja vimegeuzwa, upande mwingine havikugeuzwa. Anayeshindwa anapisha. Inawezekana mumeo hakupishwa upesi, au aliposhinda hakutaka kupisha. Hilo siwezi kuapa. Lakini saa saba hadi saa kumi zimekwenda hapo, na nasema zimekwenda vizuri kuliko ambavyo zingekwenda juani.

Hukumu yangu: mrudishe Jumanne, saa mbili asubuhi, na mpira wa zamani mfukoni na pesa ya mpira tu. Maharage yaloweke usiku kucha, yataiva bila presha. Na lile bakuli mpe mwenye mfuniko wake, lazima yuko mtaani kwenu.

*

*Mjomba, kwenye daladala dada mmoja kaziba dirisha eti upepo unamharibia nywele. Tulikuwa watu wanne kwenye siti ya watatu. Haki ni ya nani? – Naumia, Gongo la Mboto*

Ya dirisha. Nywele zimelipa nauli ya mtu mmoja, pumzi zimelipa nauli za watu wanne. Ila mwombe kwa adabu, “dada yangu, tusaidie hewa,” na usubiri gari litembee. Likiwa limesimama Buguruni kwenye foleni, dirisha wazi au dirisha limefungwa, mtabanikwa sawasawa.

*

*Shikamoo Mjomba. Naishi Kigamboni. Nikichelewa kazini huwa namwambia bosi nimekwama feri. Juzi ameniuliza kwa nini sipiti darajani. Nimjibu nini? – Mvukaji*

Marahaba. Daraja la Nyerere limefunguliwa Aprili 2016 na wewe bado unatumia kisingizio cha kabla ya hapo. Maji yenyewe yale ni ya dakika chache kuvuka, kinachokula muda ni foleni ya kuingia kwenye pantoni, na foleni hiyo bosi wako anaijua. Mwambie kwamba kupita darajani ni mzunguko mrefu, gari linalipiwa, na daladala ya upande huo inajaza ndipo iondoke. Yote hayo ni kweli, sijui kwa nini watu mnahangaika kutunga. Lakini kabla ya kufungua mdomo, uliza kwanza bosi wako anaishi wapi.

*

*Mjomba, shikamoo. Jumapili wakwe zangu wamekuja kutoka Tanga. Pilau ipo jikoni, mchele ndiyo kwanza umeanza kunywa maji, gesi ikaisha. Maduka ya karibu mtungi mdogo hakuna. Nikawapa soda, nikatoka nje nikalia. Baadaye nilinunua chipsi. Mama mkwe hakusema neno, alikula chipsi nne. – Mkwe, Mbezi*

Marahaba. Chipsi nne! Zimeniuma.

Pole, lakini ulitoka kulia ukiuacha ufumbuzi kwenye kibaraza cha jirani. Mchele ulioanza kunywa maji hauhitaji gesi tena, unahitaji makaa. Ungeazima jiko la mkaa, sufuria ukaiteleka juu ya moto mdogo, mfuniko ukaubana, na juu ya mfuniko ukapanga makaa mekundu. Hiyo ni kupalia, na mwanamke wa Tanga akiona makaa juu ya mfuniko hakasiriki, anakaa vizuri kwenye kiti. Wali wa namna hiyo unachambuka punje kwa punje na chini unatoa ukoko wa kugombaniwa. Umeinyima familia ukoko.

Kwa siku zijazo: mtungi mtupu una uzito wake, umegongwa pale kwenye shingo ya chuma. Pandisha mtungi kwenye mizani ya muuza mkaa, toa uzito huo, kinachobaki ni gesi. Huna mizani, mwagia maji ya moto ubavuni mwa mtungi halafu papasa kuanzia juu kushuka chini: palipobaki baridi ndipo gesi ilipoishia. Fanya hivyo Jumamosi. Na usiwape wakwe soda tupu saa saba mchana mwezi wa pili. Mkamulie mama ukwaju, tia barafu. Angesamehe hata chipsi.

*

*Anko, kitambaa cha sare ya harusi nimempa fundi wiki tatu zilizopita, harusi Jumamosi. Nikipiga simu anasema “nipo kwenye pindo.” Nilipokwenda leo mchana nimemkuta kalala juu ya meza na gauni langu bado mikono. Nimwite mwenyekiti wa serikali ya mtaa? – Sare ya Kijani, Temeke*

Mimi ni Mjomba, anko ni wa kwenye harusi. Umekwenda saa ngapi? Umesema mwenyewe: mchana.

Kibanda cha fundi kina bati juu, pasi pembeni, na marobota ya vitambaa yanayotunza joto pande zote. Sare ya harusi siku hizi ni satini, na satini haishonwi kwa mkono wenye jasho, kila kidole kinaacha alama ambayo kamera ya harusi itaiona. Fundi mzuri majira haya analala mchana na kushona usiku. Fundi mbaya naye analala mchana, hapo ndipo mtihani ulipo.

Najua ulimtajia tarehe ya uongo. Kila mteja anamtajia fundi kwamba sherehe ni wiki moja kabla, na kila fundi anaiongeza wiki hiyo hiyo kichwani mwake, kwa hiyo mmekutana pale pale. Mwenyekiti wa mtaa usimsumbue, mke wake naye ana kitambaa kwa fundi huyo huyo. Nenda saa tatu usiku. Ukikuta taa inawaka na cherehani inalia, mwachie chupa ya maji baridi na uondoke bila kusema kitu. Ukikuta giza, chukua kitambaa chako na mikono yake, kafunge kanga mpya Jumamosi. Kanga haijawahi kumwaibisha mtu harusini.

*

Barua za wiki ijayo zinifikie kabla ya Alhamisi. Shikamoo iwe mstari wa kwanza, saa mliyogombana iwe mstari wa pili. Zilizoandikwa kati ya saa saba na saa kumi mchana nitazirudisha kwa wenyewe wazisome upya usiku, wakishaoga. Atakayeona bado ana shida baada ya hapo, alete.